Kocha wa Muda Abaki wa Muda

Jumapili, 23 Februari 1997

Tumeshinda tena. Mawili kwa moja, ugenini, kwenye tope la magoti. Mji mzima wa Harksworth unacheka isipokuwa mimi.

Niandike mambo kwa utaratibu, maana kichwa kimechafuka. Januari klabu ilimfukuza kocha. Bodi ikamshika mkono Darren Ollerenshaw, aliyekuwa akifundisha timu ya vijana, ikamwambia akae benchi mpaka apatikane mtu. Kocha wa muda. Hajawahi kufundisha wakubwa. Alipokuwa akicheza alikuwa beki wa kushoto, na hata wale waliokuwa wakimlipa hawamkumbuki vizuri. Mke wake Alison na binti yao wako Carlisle, kwa hiyo alihitaji pa kulala. Mwenyekiti wa bodi, Brenda Hargreaves, akaniuliza kama chumba changu cha juu bado ni kitupu. Nikasema ni kitupu. Sikueleza ni kitupu kiasi gani tangu Maureen wangu afariki.

Sasa hali ni hii. Bodi ikimthibitisha Darren, atapewa nyumba ya klabu iliyo nyuma ya uwanja, ambayo hukaa kocha mkuu peke yake, na familia itakuja. Ataondoka. Bodi ikimkataa, atarudi Carlisle. Ataondoka. Yuko kwangu kwa sababu moja tu: hakuna aliyeamua.

Basi kazi yangu si kubwa. Kuhakikisha hakuna anayeamua. Kijana asishinde sana, asifungwe sana. Mimi ni katibu wa chama cha mashabiki, na kabla ya kustaafu nilikuwa mtu wa maktaba ya mji huu. Kuchelewesha mambo ni fani yangu.

Jioni amekula maharage ya nazi, akaongeza. Kisha akauliza kama chunguni kumebaki ukoko. Mtu wa Carlisle, anauliza ukoko. Nimemkwangulia wote.


Jumatatu, 24 Februari

Kikao cha kamati, kwenye baa ya klabu. Kitini Norman Tattersall, mwenyekiti wetu. Alikuwa na bucha, na mpaka leo huongea kana kwamba mteja amesimama ng'ambo ya barabara. Aliwahi kusema mbele za watu kwamba mihtasari yangu ya vikao ni mirefu mno. Sijasahau.

Norman akaleta hoja: bodi imthibitishe Darren mara moja. Kasema kijana ana moyo, ana macho, na timu imeamka kaburini.

Nikainuka. Nikasema kwa upole kwamba hana uzoefu. Timu yoyote ikibadilisha kocha hupata upepo wa mwezi mmoja, hata ukiiweka mikononi mwa mwuza maziwa. Tungoje upepo utulie. Nilizungumza vizuri. Tatizo, nilizungumza vizuri mno. Edith Pilling, anayekaa jukwaa la mashariki kwenye kiti cha marehemu mumewe na kuweka mkoba wake kwenye kiti chake mwenyewe, akaanza kuitikia kwa kichwa. Akasema kama ndivyo, basi aondolewe wiki hii hii, atafutwe mtu mzima aliyekwisha kufundisha. Watu wakapiga meza.

Nikainuka tena. Nikasema uzoefu nao ni nini. Kila aliye nao aliupata siku ambayo hakuwa nao. Nikamsifu Darren mpaka Norman akapenga kamasi. Meza zikapigwa kwa upande wa pili.

Edith akaniuliza, "Joe, kipenzi, wewe hasa uko upande gani?" Joe ni mimi. Yusufu Kapilima liliwachosha mapema. Nikajibu niko upande wa tafakuri. Norman akasema tafakuri haijawahi kufunga bao hata la kuotea.

Lakini hoja imeahirishwa mpaka kikao kijacho. Muhtasari nimeandika mimi. Mrefu.


Jumatano, 26 Februari

Kila tukimaliza kula, Darren hupanga timu mezani. Chumvi ni kipa, kwa sababu haisogei. Chupa ya siki ni Wayne, mshambuliaji wetu, mrefu na mkali. Vijiko ni mabeki. Njiti za kiberiti ni viungo, na huvunjika kama wale wa kweli.

Meza hii ilikuwa na mimi na Maureen. Alipoondoka nikawa nakula nimesimama kwenye sinki, sufuria mkononi, kama mtu anayengoja gari. Sasa nakaa. Natandika kitambaa. Nimekumbuka tulikuwa na kitambaa.

Leo Darren aliuliza habari ya Jumamosi. Tunakwenda Brackenshaw, majirani zetu wa ng'ambo ya bonde, watu ambao kwa heshima ya karatasi hii sitawaeleza zaidi. Akauliza, "Mzee, niwavamie au niwangoje?" Ananiuliza mimi kwa sababu akiwauliza wachezaji watajua hajui. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikamwambia awangoje. Nikavuta vijiko vyote nyuma, na njiti, hata siki nikairudisha karibu na chumvi. Nikamsimulia jemadari mmoja wa Roma aliyemchosha adui kwa kukataa kupigana naye. Huyu adui anakuja, jemadari anapanda mlima. Adui anatukana, jemadari anakunywa maji. Nikamwambia sare tasa ni jambo la heshima. Haimvunji mtu moyo na haimpandishi mtu homa.

Akasikiliza kidevu mkononi. Akauliza wenzake walimwonaje jemadari huyo. Nikasema mwanzoni walimtukana. Akasema hiyo anaielewa.


Jumamosi, 1 Machi

Tatu bila.

Brackenshaw walitujia wote mbele, na golikipa wao karibu aje. Sisi tukakaa nyuma kama nilivyopanga. Kila mpira tuliouondosha ili kupumua ukamkuta Wayne peke yake, na mbele yake uwanja mtupu kama soko lililofungwa kwa sikukuu. Mara ya kwanza nikasema ni bahati. Mara ya pili nikafumba macho. Mara ya tatu, niandike ukweli, niliruka. Mtu wa umri wangu. Nilimkumbatia aliyekuwa karibu, nikakuta ni Norman. Nikamwachia.

Mwandishi wa gazeti la mji alikuwa nyuma yetu. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba huyu kijana ana akili ya kivita.

Darren alirudi na pai mbili na chipsi kwenye karatasi, zimeloa siki, kwa sababu wiki iliyopita nilisema nazipenda zikiwa hivyo. Akasema yule jemadari wangu angempa unahodha. Akacheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka. Kisha nikaenda kutia maji kwenye birika, nikakaa nalo jikoni kidogo, ingawa lilikuwa limekwisha kuchemka.


Jumapili, 2 Machi

Simu ya nyumba hii iko chini ya ngazi, kwa hiyo nyumba hii haina siri.

Leo Darren alizungumza na binti yake, Kirsty. Jino limetoka. Anataka baba alione kabla halijawekwa chini ya mto wa kulalia, kama wafanyavyo watoto wa huku. Baba hawezi. Akamwomba alitie kwenye kikombe, akitikise karibu na simu. Akasikiliza jino. Akasema ni jino zuri, lina sauti ya jino la mbele.

Halafu akaja Alison kwenye simu. Nilimsikia Darren akisema bado. Hawajaamua. Bado, mpenzi. Nami nasikia bado. Kila bado moja nimeipika mimi kwa mikono yangu.

Nikaongeza sauti ya redio. Ilikuwa taarifa ya hali ya hewa ya baharini, upepo na mawimbi, isiyomhusu mtu wa Harksworth wala mtu wa Tabora. Mimi nilikuja kwa kozi ya miaka miwili. Nilikuwa na sanduku moja na koti la kuazima. Kila mwaka tulisema mwakani. Maureen alinunua kofia ya jua, akaipenda, akawa anaivaa bustanini kwenye manyunyu. Sasa nikijaribu kuikumbuka stesheni ya Tabora naiona safi mno, haina watu, kama picha iliyopigwa kabla hawajafungua. Zamani nilikuwa nasikia hata mwuza karanga.

Nimeamua kutosikiliza simu za mtu. Nitakuwa nakaa jikoni. Tatizo, jikoni pia husikika.


Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Brenda, kiwandani kwake. Anatengeneza pai za nusu ya wilaya. Kiti cha klabu alikirithi kwa baba yake pamoja na tanuri, tanuri analijua. Alipokuwa mtoto alikuwa akiazima kwangu vitabu vya farasi, akivirudisha na makombo ndani. Kila mtu kwake ni kipenzi, hata mkaguzi wa afya.

Akaniambia simu haimpi usingizi. Watu wanamtaka Darren. Anafikiri amthibitishe tu, yaishe. Moyo ukaniangukia kwenye unga.

Nikamwambia haraka ya nini. Aseme neno moja la kutuliza watu, mambo yaende taratibu mpaka Mei, msimu uishe. Akauliza neno gani. Nikamwambia aseme hivi: bodi ina imani kamili na Darren Ollerenshaw. Akalirudia kwa sauti, huku akifuta mikono. Akasema ni neno zuri, la heshima. Akauliza kama ndivyo husemwa. Nikamjibu kwamba wenyeviti wote husema hivyo.

Ni kweli. Wote husema. Na katika nchi hii kila mtoto mwenye skafu anajua kinachofuata. Mwenyekiti akishatangaza kwamba ana imani kamili na kocha, kocha huanza kutafuta maboksi ya kuhamia. Hiyo ndiyo salamu ya kuagana. Brenda, Mungu amweke, hajui. Yeye akisema imani anamaanisha imani.

Sikutaka mabaya. Nilitaka shaka kidogo tu, kiasi cha kupoza homa. Alinipa pai. Niliila nikitembea, nikijiona mwanasiasa.


Alhamisi, 6 Machi

Gazeti limetoka. Ukurasa wa kwanza, herufi za kuzikia mfalme: BODI: TUNA IMANI KAMILI NA DARREN.

Kabla ya chai kumekuwa msiba. Jirani kaleta keki, kampa Darren pole mlangoni, kamshika bega. Kinyozi kamwita ndani, kamnyoa, kakataa malipo. Mazoezini wachezaji wamempa mkono mmoja mmoja, Wayne akiwa wa mwisho na akiwa na machozi. Edith Pilling, yuleyule aliyetaka aondolewe, anapita dukani hadi dukani akisema kijana hakupewa hata nafasi, na kwamba mumewe angeona aibu. Norman kachana mashuka ya mkewe, kayaandika kwa rangi: MWACHENI DARREN WETU. Mkewe naye kanuna, ila yeye kwa ajili ya mashuka.

Niliomba shaka kidogo. Nimeletewa gharika.

Darren alirudi mapema, uso hauna rangi. Nikamwambia pengine safari hii wanamaanisha. Akanitazama kwa huruma, namna mtu anavyomtazama mgeni aliyeshuka kituo sicho.

"Mzee, miaka yote hii hapa, na maneno hayo bado hujayajua?"

Nikasema sikuyajua. Akaniomba maboksi. Nikasema sina. Yako chini ya kitanda changu. Alipokwenda kuoga niliyahamishia bandani.


Ijumaa, 7 Machi

Simu, asubuhi. Mtu wa Brackenshaw. Jumatatu wamemfukuza kocha wao kwa zile tatu bila. Amesoma gazeti. Akasema kama Harksworth wanaitupa akili ile, wao wataiokota. Kazi ya kudumu, nyumba, aanze hata kesho. Je, Darren yupo?

Darren alikuwa bafuni juu, anaimba. Hana sauti hata kidogo.

Nikasema ametoka kutembea. Matembezi marefu. Mtu akauliza ni nani anayeimba. Nikasema redio. Akasema ni redio mbovu. Nikakubali, nikakata simu. Darren akachungulia ngazini na taulo, akauliza nani. Nikasema wa mita ya gesi.

Lakini Brackenshaw si wa kukata tamaa. Walipiga klabuni. Klabuni akapokea karani, na karani ana shemeji baa. Saa sita mchana Norman alikuwa sebuleni kwangu bila kubisha hodi, kofia mkononi. Alisema neno moja tu, Brackenshaw, sauti ikamkatika. Nikampa kiti. Akasema afadhali kijana afe. Akifa tutamzika, tutamwekea jiwe. Akienda Brackenshaw tutamwona mara mbili kila msimu, na skafu yao shingoni.

Brenda naye akapiga. Alikuwa analia kwa hasira. "Kipenzi, nimesema nina imani naye. Mbona wananizomea mpaka mlangoni kwangu?" Nikamwambia watu hawa wagumu. Nikamwambia asiamue lolote akiwa na hasira, asubiri, apumue. Alikata simu nikiwa katikati ya apumue.

Jioni Darren aliniambia Brackenshaw wamempata. Atawajibu kesho kutwa. Kasema hataki kwenda. Kasema Alison naye hajui tena amwambie mtoto nini. Nilipika pilau, kwa kweli nilijitahidi. Akala kidogo, akashukuru. Hakupanga timu mezani. Chumvi ilikaa chumvi.


Jumamosi, 8 Machi

Uwanja umejaa mpaka kwenye ngazi. Mashuka ya mke wa Norman yametanda jukwaa zima. Kila Brenda aliposogea kitini watu walizomea. Mpira wenyewe hakuna aliyeutazama.

Mapumziko, bila kwa bila. Badala ya yule anayesoma namba za bahati nasibu kila mapumziko, akatoka Brenda. Koti jeupe la kiwandani, mabuti ya mpira, kipaza sauti. Akatembea mpaka katikati kwenye tope. Watu wakasahau kuzomea, nadhani kwa mshangao.

Akasema yeye ni mtu wa pai. Kwake, ukiandika nyama, ndani mna nyama. Alisema ana imani na Darren, na ndani mlikuwa na imani. Kama kwenye mpira maneno hayo yana maana nyingine, basi mpira una adabu mbaya, si yeye. Akasema dakika hii, kwenye korido ya choo cha wageni, Darren Ollerenshaw ametia saini. Kocha wa kudumu. Miaka mitatu.

Sijawahi kusikia kelele zile. Nilizisikia kwenye mbao chini ya miguu kabla hazijafika masikioni. Edith aliutoa mkoba kwenye kile kiti kingine, akaketi, kisha akasimama, akawa hajui afanye lipi. Nilitazama benchi. Darren alikuwa amejifunika uso kwa skafu na mabega yanatikisika. Nilifurahi. Naandika kwa sababu ni kweli: kwa kitambo kidogo nilifurahi kabisa, kama mtu mwingine.

Brenda hakumaliza. Akasema shukrani zimwendee Joe Kapilima, aliyekuja kiwandani Jumanne akamwambia la kusema. Bila Joe, akasema, yeye na bodi wangekaa wanajadiliana mpaka Mei.

Vichwa vikanigeukia. Norman alinitazama muda mrefu. Nikaona wazo likimwingia na kumjaa. Akaniita mbweha. Akasema kumbe nilijua. Nilimpa bodi yale maneno kusudi mji ulipuke, Brackenshaw wasikie, na bodi ibanwe ukutani. Akasema hajawahi kuona ujanja wa namna ile tangu azaliwe, na ile mihtasari sasa niandike mirefu nitakavyo. Wakaninyanyua begani. Tulishuka ngazi chache, mgongo wa Norman ukagoma, wakanitua chini.

Mechi iliisha sare tasa. Ndiyo sare pekee niliyowahi kuipata, na haikunisaidia kitu.

Darren alinikumbatia korido nzima ikitazama. "Mzee, umenirudishia watu wangu." Nikamwambia sikufanya lolote. Akasema ndivyo wasemavyo waungwana.


Jumapili, 16 Machi

Wamehama. Alison alikuja na gari la kuazima. Mwanamke mwembamba ambaye mikono yake hunyanyua kitu kabla hajaombwa. Kirsty alinionyesha pengo, akaniuliza kama mimi ndiye mzee wa jemadari. Nikasema ndimi. Akasema baba anasema jemadari alikuwa mwoga lakini akashinda. Nikasema wako wa namna hiyo.

Maboksi yalikuwa hayatoshi. Ilibidi niyatoe ya bandani. Darren aliyatazama, akanitazama, akasema ahsante.

Alison aliingia jikoni kuniaga. Akatazama sahani zangu zilizokuwa zikikauka. Nadhani alizihesabu. Akasema kila Jumapili nikale kwao. Nikasema nitashukuru kualikwa. Akasema hakuna kualikwa. "Kila Jumapili, mzee. Kiti chako kitakuwepo, ukija au usipokuja." Nyuma yake Darren alikuwa anaitikia, godoro kichwani.

Nikasema nitatazama nafasi yangu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Sina lolote Jumapili. Sina lolote mpaka Mei.

Nyumba yao naiona paa lake nikisimama kwenye dirisha la bafu. Jioni taa iliwaka upande wa jikoni, kisha juu. Nilipika wali, mikono yenyewe ikapima wa watu wawili. Nikala kwenye sinki.

Upande wa pili wa paa lile, kama ramani haidanganyi, ukinyoosha kusini na usisimame, utafika Tabora. Nimewahi kumwonyesha Maureen kwa kidole. Alisema anaona kiwanda cha gesi.


Jumatano, 19 Machi

Habari. Brenda amepiga simu. Klabu imepata mkandaji wa misuli, Mskoti wa Dundee, jina lake Fergus Abernethy. Yuko kwenye majaribio ya mwezi mmoja na hana pa kufikia. Je, chumba?

Nikasema kimekwisha kupigwa na hewa.

Nikauliza, kama kwa mazungumzo tu, mwezi ukiisha inakuwaje. Brenda akasema akifaa watamtafutia nyumba yake mjini. Asipofaa atarudi Dundee. Akaniuliza kama bado nipo. Nikasema nipo, nafikiri.

Mwezi ni muda mdogo sana wa kumpima mkandaji. Misuli ina mambo yake. Kesho nitapita kiwandani, nimweleze Brenda kwamba sehemu nyingine huwapa mpaka Krismasi. Na lazima nionane na Wayne. Paja lake linauma tangu Jumamosi. Likipona upesi, Fergus ni bingwa. Likizidi, Fergus ni mpumbavu. Wayne ni mtu mwelewa. Nitamshauri awe anachechemea kwa kiasi.

Mchana Alison alipita na Kirsty kukumbusha habari ya Jumapili. Jumapili ile nilikosea sana kwa kukawia kumjibu, hilo nimelifikiri. Kwa hiyo leo nimemjibu papo hapo. Nimemwambia Jumapili sitaweza, Mskoti anaingia na treni ya mchana. Akasema nije naye. Nikasema tuone kwanza. Akauliza na Jumapili itakayofuata. Nikasema hiyo ndiyo atakuwa bado mgeni kabisa, siwezi kumwacha peke yake. Alisimama mlangoni kidogo na mvua ikimlowesha bega. Kirsty akamvuta mkono, wakaenda.

Nimetandika kitanda cha juu. Nimenunua nazi ya kopo, na vitunguu vikubwa, vile vyekundu. Nitaanza kuvikaanga treni ikikaribia, ili anapofungua mlango akutane na harufu ya chakula cha watu wawili.